Kupima tabia za watoto 1,100 kwa wahudumu 14: mpango huu utashika?

Mratibu14

Habari zenu wadau. Naratibu kikundi cha kijamii kwenye kata moja ya mjini, Tanzania Bara. Mitaa mitano, shule za msingi mbili. Tuna wahudumu wa kujitolea 14, wengi wao kina mama wa miaka 30 hadi 50 waliomaliza kidato cha nne, wanajaza fomu bila shida. Tunachoweza kuwalipa ni nauli na vocha. Watoto tunaowalenga ni wale walioachwa kwa bibi, watoro sugu, wenye mzazi mlevi, na wale ambao walimu wameshasema "huyu ameshindikana".

Mpango uliopo mezani ni kuwafundisha wahudumu dodoso la SDQ (maswali ya kupima tabia na hisia za mtoto) kwa siku mbili, kupima darasa la 3 hadi la 6 shule zote mbili (watoto kama 1,100), kisha watakaopata alama mbaya tuwatembelee majumbani. Naomba kujua:

1. Mpangilio huu uko sawa?
2. Mhudumu mmoja abebe kaya ngapi?
3. Akifika nyumbani afanye nini hasa? Vitabu vya mafunzo vinasema "toa ushauri nasaha", halafu vinafunga mlango.
4. Ni wakati gani aache kuhangaika mwenyewe apeleke mbele, na wapi?

---

Msimamizi_Kesi

Mkuu, swali la kwanza ndilo lenye mtego, naanza nalo.

SDQ ina maswali 25. Mipaka yake ya alama ilipangwa Uingereza kwa namna kwamba katika watoto 100 wa mtaani, kama 80 waangukie kundi la kawaida, 10 wakae mpakani na 10 waingie kundi la juu. Sasa peleka hesabu hiyo kwa watoto wako 1,100. Hata kata yenu isipokuwa na shida kuliko nyingine, utatoka na watoto kama 110 wa kundi la juu na 110 wa mpakani. Wahudumu 14 kwa kaya nne nne ni kaya 56. Waliobaki je? Mzazi ameshahojiwa maswali 25 juu ya mwanawe, mwalimu ameshajua kwamba fulani "kipimo kimemkataa", na hakuna mtu anayekuja. Mtoto amepata jina baya, msaada hajapata. Ukirudi shuleni hapo mwakani utapewa kiti uani.

Na mipaka yenyewe ni ya watoto wa Uingereza. Kwetu itumieni kupanga foleni, nani atangulie nani afuate. Isitumike kumwandikia mtoto kwamba ana ugonjwa.

Ningegeuza mpango. Anzeni na watoto ambao tayari wanaonekana. Mwalimu wa ushauri na unasihi ana daftari la mahudhurio: chukua waliokosa siku tano au zaidi kwa mwezi bila ugonjwa. Zahanati inawajua wenye kifafa na watoto wa mama waliojifungua wakiwa na miaka 15. Mjumbe anajua nyumba ambayo kila Jumamosi kuna kelele. Mkiyakutanisha majina hayo mtapata orodha ya 40 au 50, na mara nyingi jina lile lile litatokea kwenye orodha mbili au tatu. Hao ndio wa kwanza. SDQ ije baada ya hapo kama futi ya fundi: pima mwanzo, kisha miezi mitatu, kisha sita, uone kama kuna kilichosogea. Dodoso la mwanzo linauliza kuhusu miezi sita iliyopita, na kuna toleo la ufuatiliaji linalouliza kuhusu mwezi mmoja uliopita. Msiyachanganye, maana mkitumia lile la mwanzo kila mara mtakuwa mnapima shida za zamani na kudhani kazi yenu haifui dafu.

Mwulizeni mzazi na mwalimu, kila mmoja kivyake. Mtoto mwenye alama 20 kwa mwalimu na 8 kwa bibi ana tatizo la shule: labda kuonewa, labda haoni ubao, labda mwalimu mwenyewe. Huyo kumtembelea nyumbani kila wiki ni kupoteza nauli.

Sasa kosa ambalo nalikuta karibu kila rundo la fomu. Alama ni 0, 1 au 2. Maswali matano kati ya yale ya matatizo yamegeuzwa, yaani yanauliza jambo zuri: la 7 (mtiifu kwa kawaida), la 11 (ana angalau rafiki mmoja mzuri), la 14 (wenzake wanampenda), la 21 (hufikiri kabla ya kutenda) na la 25 (humaliza kazi aliyoianza). Kwa hayo, "kweli kabisa" ni 0, si 2. Mhudumu akisahau, mtoto mtiifu, mwenye marafiki, asiye na tatizo lolote anapata alama 10 za bure. Mpaka wa kundi la juu kwenye fomu ya mzazi ni 17 kati ya 40, kwa hiyo utundu kidogo tu juu ya zile 10 unampeleka kundi la juu. Halafu kuna maswali matano ya wema kwa wenzake (anagawana, anasaidia aliyeumia). Hayo yana alama yake pekee na hayaingii kwenye ile 40. Chukueni karatasi ya kuhesabia, mtie rangi ya njano mistari ile mitano. Dodoso lenyewe msilihariri wala kuliingiza kwenye simu bila kibali cha wenyewe. La karatasi ni bure kwa kazi kama yenu, na la Kiswahili lipo.

Siku mbili zinatosha kufundisha kujaza. Hazitoshi kufundisha kuuliza. Tengeni siku ya tatu ya kuigiza: mmoja awe bibi asiyesikia vizuri, mwingine mjomba anayejibu kwa niaba ya kila mtu.

Idadi: mhudumu anayetoka mara mbili kwa wiki asizidi kaya nne, na aanze na mbili. Wanaojitolea hawasemi "nimeelemewa". Wanaanza kujaza fomu wakiwa kwao.

---

NesiWaAkili

Namuunga mkono aliyetangulia, ila naongeza jambo ambalo kamati nyingi huliruka. Kabla ya kusema "tabia", angalia mwili. Orodha yangu ya wiki ya kwanza:

Masikio. Mtoto anayetoa usaha sikioni mara kwa mara hasikii nusu ya anachoambiwa, anaitwa mkaidi. Mhudumu asimame nyuma yake kama urefu wa mkono, mtoto azibe sikio moja, anong'onezewe maneno mafupi: kiti, mbuzi, saa. Akishindwa kuyarudia, zahanati. Macho vivyo hivyo.

Kifafa cha kuzubaa. Hakina kuanguka. Mtoto anakodoa macho sekunde chache, kope zinapepesa, kalamu inasimama, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, mara nyingi kwa siku. Mwalimu anaandika "hana umakini".

Dawa ya kifafa yenyewe. Fenobabito ni rahisi na ndiyo inayopatikana zahanati nyingi, lakini kwa baadhi ya watoto huleta fujo, kutotulia na hasira. Mhudumu akikuta mtoto "aliyeharibika tangu aanze dawa", asije akamwambia mama aiache. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo lisilokatika, na hilo linaua. Arudi kliniki aliyoandikiwa, abadilishiwe taratibu.

Njaa, minyoo, upungufu wa damu. Uliza mtoto alikula nini jana usiku na leo asubuhi. Utashangaa utoro wangapi ni wa tumbo.

Kikojozi. Chini ya miaka mitano si tatizo, waambieni wazazi waache kumchapa. Aliyekaa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza upya ni habari nyingine: apimwe mkojo kwa sukari na maambukizi, na mtu mwenye utulivu aulize kama kuna kilichomtisha.

Sasa wazazi. Msimpime mtoto mkamwacha mama. Mama mwenye sonona hawezi kufuata mpango wowote wa malezi mtakaompa, hata uwe mzuri vipi. PHQ-9, dodoso la kupima sonona, ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 ni ya kupeleka kituo cha afya. Swali la tisa linahusu mawazo ya kujiumiza au kwamba ni afadhali kufa. Likijibiwa chochote zaidi ya "hapana kabisa", mhudumu asifunge daftari na kuaga. Aulize wazi: umewahi kupanga namna? Una kitu hicho ndani? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kama kuna mpango, mama asiachwe peke yake, dawa ya panya na ya mashambani itolewe nyumbani humo, na aende kituoni siku hiyo hiyo akiwa na ndugu.

Pombe. Hapa ndipo watu wema wanaua. Mhudumu anakaa na baba anayekunywa gongo tangu asubuhi kila siku, anamwombea, baba analia, anaapa kuacha kuanzia usiku ule. Anayekunywa kwa kiwango hicho akiacha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku moja hadi mbili, na siku ya pili au ya tatu kuchanganyikiwa, kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo. Kwa hiyo swali la kwanza si "utaacha lini?" bali "usipokunywa asubuhi mwili unakuwaje?" Akisema mikono inatetemeka, jasho linamtoka, au amewahi kuanguka, kuacha kwake kusimamiwe hospitalini.

Dawa za kutuliza mtoto mkorofi? Hapana. Kwa watoto mlionao tiba kubwa ni mazungumzo na malezi. Mhudumu asitaje dawa kabisa.

---

AfisaUstawi

Najibu la nne.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa akijua haki za mtoto zinavunjwa, au mzazi mwenye uwezo anakataa kumpa chakula, malazi, matibabu au elimu. Kwa hiyo mhudumu wenu anapotoa taarifa hafanyi umbea, ingawa mtaani ataitwa hivyo. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2011, msije mkanakili vifungu.

Njia ni hizi. Mambo ya kutelekezwa, utoro, malezi: Mtendaji wa Mtaa, kisha Afisa Ustawi wa Jamii wa kata, na kama kata haina, wa halmashauri. Ukatili wa kingono au kipigo cha kuumiza: Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au moja kwa moja Kituo cha Mkono kwa Mkono kwenye hospitali iliyo nacho, ambako polisi, daktari na ustawi wanakaa pamoja. Namba 116 ni bure kwa mtoto au mtu mzima, na inafaa hasa pale mtuhumiwa anapokuwa ni mwenyekiti wenu au shemeji yake.

Ukatili wa kingono una saa. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na zinamezwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba kwa msichana aliyevunja ungo zisizidi saa 120. Mtoto asiogeshwe kabla ya kupimwa, na nguo zake ziwekwe kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki unatunza unyevu na ushahidi unaoza. Kwanza hospitali: fomu ya PF3 (ile ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali) isiwe sababu ya mtoto kukaa benchi la polisi huku saa zinakatika.

Mhudumu asimhoji mtoto kuhusu tukio. Asikilize alichosema mwenyewe, aandike maneno yale yale ("alinifanyia tabia mbaya" liandikwe hivyo hivyo, asitafsiri), aandike saa na nani alikuwepo, basi. Mtoto akihojiwa na mhudumu, mwalimu, mwenyekiti, bibi, polisi na daktari, maelezo yatatofautiana, na wakili wa upande wa pili ataishi hapo. Na asimwahidi "sitamwambia mtu". Aseme: nitamwambia anayeweza kukusaidia, na nitakwambia ni nani.

Usuluhishi wa ubakaji haupo. Mbuzi na laki mbili mbele ya wazee si mwisho wa kesi, ni kosa jingine.

Kuhusu kamati. Chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017/18, kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ngazi ya mtaa, kata na halmashauri. Muwe nazo bega kwa bega, lakini kesi ziwasilishwe kwa namba, majina yabaki kwenye kabati lenye kufuli. Kikao cha mtaa kina watu kumi na zaidi, na kila mmoja ana jirani.

Rufaa: karatasi yenye vipande vitatu. Kimoja kinabaki kwenu, kimoja anapewa anayepokea, cha tatu ni cha mrejesho, kinarudi na tarehe, jina la cheo na hatua iliyochukuliwa. Kisiporudi ndani ya siku saba, mratibu apige simu. Nne katika kila tano zinazopotea zinapotea kwa sababu mbili tu: nauli, na kufika siku ambayo kliniki ya afya ya akili haipo. Jueni siku ya kliniki. Mara ya kwanza mhudumu amsindikize.

---

NesiWaAkili

@AfisaUstawi hiyo "nne katika kila tano" umeihesabu wapi?

---

AfisaUstawi

Nimeteleza, sina takwimu hapo. Nauli na siku ya kliniki ndizo ninazozisikia kila mara, hesabu iacheni.

---

Mratibu14

Mmenifungua macho. Shule nzima nimeifuta, tunaanza na orodha ya watoto wanaoonekana.

Swali la tatu bado. Chukueni mfano wa kawaida kabisa wa huku: bibi wa miaka 60 na zaidi, anauza mboga, ana wajukuu watatu. Wa kati ana miaka 11, anatoroka shule, anakaa stendi mpaka jioni, anajibu jeuri, ameshaiba pesa za bibi. Bibi anamchapa, mwalimu naye anamchapa. Mhudumu anabisha hodi. Kisha?

---

Msimamizi_Kesi

Kisha anakaa. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu wengi wanasimama mlangoni na kalamu mkononi kama watu wa sensa.

Ziara ya kwanza haina fomu. Mhudumu aende saa ambayo bibi ameshatoka sokoni, asije na fulana yenye nembo, asije na pikipiki ya ofisi. Shikamoo, aulize hali ya miguu, aulize mboga zimetokaje leo. Bibi akiendelea kuchambua mchicha, mhudumu naye achukue fungu achambue. Mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kukutana, na maneno hutoka. Aseme kilichomleta bila kuzunguka: "Mwalimu ametuambia mjukuu wako amekosa siku nyingi, sijaja kulaumu, nimekuja kujua nyumba inaendaje." Baada ya hapo aache bibi aseme. Dakika 40, asizidi saa. Aondoke na mambo mawili: bibi anaona tatizo kubwa ni lipi (huenda ni kodi ya chumba, si mtoto), na siku mtoto anapokuwa *sawa* huwa ni siku gani. Swali la pili ni dhahabu. Ukisikia "siku za mpira anaamka mwenyewe", umeshapata mpini.

Ziara ya pili: SDQ kwa bibi, kisha mazungumzo na mtoto peke yake lakini mahali panapoonekana, kibarazani, siyo chumbani.

Kuanzia ya tatu, kazi yenyewe. Mimi hutumia mambo manne na kwa mpangilio huu huu:

*Muda wa mtoto.* Dakika 10 kila siku, mtoto anachagua cha kufanya, bibi hakosoi, hafundishi, haulizi habari za shule. Kwa kijana wa miaka 11 inaweza kuwa kupanga mafungu ya nyanya huku akisimulia mpira. Wiki mbili za hili peke yake kabla ya kudai chochote. Watu wanaliruka kwa sababu linaonekana la kitoto, kisha wanashangaa kwa nini adhabu hazifanyi kazi. Mtoto asiye na cha kupoteza kwako hatishwi na chochote.

*Sifa inayotaja kitu.* "Umefanya vizuri" haishiki. "Umerudi kabla ya magharibi kama tulivyosema, nimefurahi" inashika. Bibi atasema mtoto hana la kusifiwa. Mhudumu amtafutie matatu kabla hajaondoka siku hiyo.

*Agizo moja kwa wakati mmoja,* la jambo la kufanya na si la kuacha. "Chota ndoo mbili" badala ya "acha uvivu wako, huoni maji yameisha, ulivyo kama baba yako". Hapo kuna agizo, tusi na ukoo mzima, na mtoto anajibu lile tusi.

*Matokeo madogo yanayotabirika.* Asiporudi saa 12, kesho haendi mpirani. Siku moja, si mwezi. Adhabu ya mwezi mzima bibi mwenyewe ataichoka siku ya nne, na mtoto anajua.

Sasa jambo la kuwaambia mapema, kabla halijatokea: bibi akianza kupuuza zile jeuri ndogo, wiki ya kwanza zitaongezeka. Mtoto amezoea kwamba akipaza sauti anajibiwa. Asipojibiwa anapaza zaidi kuona kama mlango bado uko pale. Bibi akikata tamaa siku hiyo akarudi kwenye fimbo, mtoto amejifunza kwamba kelele kubwa ndiyo inayofanya kazi, na mko nyuma ya mlipoanzia. Kwa hiyo wiki hiyo mhudumu apite mara mbili, au apige simu jioni. Wizi na kupiga wenzake havipuuzwi, hivyo vina matokeo yake siku ile ile.

Ratiba: kila wiki kwa wiki 6, kisha kila wiki mbili kwa miezi miwili, kisha mara moja kwa mwezi hadi mwezi wa sita. Mwambieni bibi tarehe ya mwisho tangu mwanzo. Mhudumu anayepotea bila kuaga ni mtu mwingine tena aliyemwacha huyo mtoto.

Shule: mhudumu aende kwa mwalimu mkuu akiwa na ombi moja dogo. Kwa mfano, mtoto apokewe getini na mwalimu mmoja aliyetajwa kwa jina siku tano za kwanza, na asichapwe kwa utoro katika wiki hizo. Mtoto anayejua fimbo zinamngoja anakuwa na sababu nzuri ya kubaki stendi. Kwa faida yenu, kanuni za adhabu ya viboko mashuleni zinaweka ukomo wa viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, kwa kumbukumbu ya maandishi, na msichana achapwe na mwalimu wa kike pale alipo. Mwalimu anayepita na fimbo kwapani akigawa sita sita yuko nje ya kanuni. Msimrushie kanuni usoni siku ya kwanza, ila zijueni.

---

KwetuKitui

Niongeze kutoka Kenya, kwa sababu nimeona baadhi ya wanaosoma hapa ni wa huku na vifungu vya Tanzania havitawafaa.

Kwetu ni Sheria ya Watoto ya 2022. Ripoti inaenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na chifu ndiye mlango wa karibu. 116 inafanya kazi pia. Ukatili wa kingono una fomu mbili na watu huzichanganya: ile ya huduma baada ya ubakaji inajazwa hospitalini wakati wa uchunguzi, na P3 inatoka polisi. Msisubiri P3 ndipo mwende hospitali.

Halafu kuhusu hao kina mama wasio na taaluma: msiwadharau. Zimbabwe walianza mwaka 2006 kule Mbare, Harare, na akina nyanya wa jamii wanaokaa kwenye benchi nje ya kliniki, wakimsaidia mgonjwa achague tatizo moja na kulivunja vipande. Utafiti wao uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili zinapungua kweli. Na kwa watoto waliofiwa na wazazi, Bungoma na Moshi kulikuwa na utafiti ambapo washauri wa kawaida walifundishwa tiba ya mazungumzo ya vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto mmoja mmoja. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali, lakini kazi ilifanyika bila daktari chumbani. Kwa maoni yangu kilichoibeba ni usimamizi wa kila wiki, si mafunzo ya mwanzo.

---

Mratibu14

Asante ndugu wa Kitui. Usimamizi wa kila wiki kwa mazingira yetu unakuwaje? Na bibi akiuliza kuhusu pesa za TASAF, zile za serikali kwa kaya maskini, tujibu nini?

---

Msimamizi_Kesi

TASAF: jibuni kwamba nyie hamuingizi mtu kwenye mpango. Kaya zinaingizwa kwa utaratibu wake na dirisha haliko wazi kila siku. Mpelekeni kwa Mtendaji ajue dirisha likoje, msiahidi. Kama tayari yumo, mkumbusheni kwamba mahudhurio ya mtoto shuleni yanahusika na malipo yake. Hiyo ni sababu bibi anayoielewa haraka kuliko yetu.

Usimamizi: Ijumaa, kwa muda wa saa moja na nusu, vikundi viwili vya watu saba. Watu 14 pamoja ni mkutano wa hadhara, wanaosema ni watatu. Kila mmoja anapata dakika tano za kaya yenye utata zaidi, kwa namba. Msimamizi anauliza matatu: ulikwenda lini, ulisikia nini kwa maneno yao, utafanya nini kabla ya Ijumaa ijayo. Mratibu akague ziara moja katika kila kumi kwa kupita mwenyewe baada ya siku mbili kumsalimu bibi. Mkiwaeleza wahudumu tangu mwanzo kwamba hilo litafanyika, halichukuliwi kama upelelezi.

Na mtenge kaya zisizotembelewa na mtu mmoja: yenye mwanamume mwenye silaha au kesi ya kipigo. Huko wawili, mchana, na mwingine ajue saa ya kutoka.

---

NesiWaAkili

Hiyo Ijumaa mwalikeni muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya mara moja kwa mwezi. Andikeni barua kwa Mganga Mkuu wa wilaya, mtaje siku na saa, muombe jina la mtu. Barua isiyoomba jina hujibiwa "tumepokea".

Na mhudumu akianza kukosa usingizi kwa ajili ya kaya fulani, mbadilishieni kaya hiyo mapema, mkipita pamoja mara mbili kumkabidhi mwenzake.

---

Mratibu14

Barua inaandikwa Jumatatu. Wahudumu sita wa kwanza, kaya mbili mbili, kaya 12 kwa miezi mitatu. Rangi ya njano nimeshanunua.